Maji ya Mlimani na Tumbo la Mtoto

Mama mkwe alikuja kukaa nasi mtaa wa Dallas, hapa Embu mjini, kumlea kifungua mimba wetu mke wangu aliporudi kufundisha. Namshukuru Mungu kwa mikono yake. Lakini mtoto aliharisha, akapona, akaharisha tena, mpaka shingo ikawa nyembamba na mimi nikaanza kuogopa.

Tulikuwa na ndoo ya kuchujia, ile yenye chujio jeupe la udongo ndani liitwalo mshumaa, na tulichemsha kila tone la maji ya mtoto. Nesi wa kliniki alipouliza maji anayokunywa mchana, mke wangu alikiri. Mama yake alikuwa akimpa ya mfereji, bila kuyachemsha.

"Yanatoka Kirinyaga," mama alimjibu binti yake tuliporudi nyumbani. "Yenu mmeyachemsha yakafa."

Babu zake waliomba wakiuelekea mlima ule, Mlima Kenya. Nami, kwa desturi yetu, sikuweza kubishana na mkwe, wala hakusema nami moja kwa moja. Nilisali na kungoja. Subira si uvivu. Nilimwomba mke wangu aoshe mshumaa mchana, mbele ya mama yake.

Jumamosi aliufungua. Ulikuwa umegeuka kahawia kwa uchafu wa maji ya mfereji, una utelezi kama kambale. Mama aliugusa, akanusa kidole.

"Mwambie mumeo mlima haunuki hivi," alisema, nami nimeketi hatua chache tu kutoka kwake.

"Mwambie mama ni kweli," nikajibu nikitazama mlango. "Mlimani maji yanatoka safi. Huku mjini mabomba yamepasuka, na yanapita ndani ya mitaro ya choo. Mvua ikinyesha, uchafu unaingia."

Mke wangu hakurudia neno. Alikuwa anauma mdomo asicheke.

Mama alifuta kidole. "Basi kosa ni la mabomba."

"Ni la mabomba, mama," alisema mke wangu.

"Ungesema mapema. Mwalimu mzima, unasomesha watoto wa watu, wa kwako anaumwa."

Mke wangu alisugua mshumaa kwa brashi na maji matupu, kwa sababu sabuni huziba vitundu vyake. Mama alisimama juu yake akimwonyesha palipobaki. Maji yalipochujwa na kuchemshwa, yakapoa, alionja, akakunja uso.

"Bado yamekufa," alisema. Kisha akampakata mjukuu, akamshikia kikombe mpaka akamaliza.