Huyu Amefiwa na Nani?

Mwalimu wetu wa kuchora, kwenye darasa la Jumamosi huku Golden Valley, Marekani, ana ugonjwa wa wakulima. Kila wiki anatuonyesha michoro ya kale ya Ulaya: watu wameinama shambani, migongo imepinda, nyuso zimekunjamana, jembe moja utadhani limebeba dhambi za kijiji kizima. Hawa ndio wachoraji wa uhalisia, anasema, walikataa kuremba. Mtoto wa mkulima darasani ni mimi peke yangu, basi nikavimba kichwa.

Mama alikuwa amekuja kunitembelea, na Jumapili alikuwa anarudi Njombe. Miezi mitatu hakusifia kitu Marekani isipokuwa maji ya moto ya bomba. Nikaapa ataondoka na mchoro wake mwenyewe, autundike sebuleni. Nikamchora kwa mkaa, kwa kumbukumbu tu: kainama, jembe mkononi, uso umejaa taabu. Mwalimu alipouona nusura alie.

Mama aliushika mbali, akausogeza karibu, akavaa miwani.

"Huyu amefiwa na nani?"

"Ni wewe, mama. Unalima."

"Mimi? Kwa mkono huo?"

Niliona aibu. Mama hutumia mkono wa kushoto, nami nimemchora ameshika jembe kama watu wengine wote. Akachukua dekio la jikoni, akainama katikati ya zulia langu na kuanza kulima, kushoto mbele, huku akipiga soga na jirani wa shamba la pili, ambaye yuko Njombe. Mdomo haukufungwa hata mara moja.

"Kulima bila umbea nani ataweza, baba? Kaa hapo uchore."

Nikachora upya. Nikaweka mkono wa kushoto, nikaweka kinywa wazi na lile pengo lake la mbele. Nilipompa, jasho lilikuwa linanitoka kuliko yeye.

Akavaa tena miwani, akautazama.

"Sasa huyu ni mimi."

Nikashusha pumzi. Kumbe hajamaliza. Akaweka kidole juu ya karatasi, pale mgongoni.

"Lakini mbona mgongo mtupu? Wewe umekwenda wapi?"

Nikacheka, kisha nikashindwa kucheka. Kumbe ndiyo maana sura ile ya taabu niliibuni. Shambani, nikiwa nimefungwa mgongoni mwake, nilikuwa naona kisogo chake tu.