Mlango Aliouchora Redempta

Kisiwani katika Ziwa Tanganyika, mbele kidogo ya Kirando, Redempta alikuwa mtu wa raha zake. Asubuhi alianika dagaa, jioni alikaa ufukweni miguu ikilowa, akila samaki wa mgebuka wa kuchoma na kuwacheka wanaume waliogombania makasia. Alipofiwa na mumewe, watu walidhani atarudi kwao Mollo, juu milimani Ufipa. Hakurudi. Alikuwa ameshazoeana na ziwa.

Kilichomvuta nyumbani ni kikohozi cha mama yake. Bi Kristiana alikuwa amezeeka, na upepo wa Ufipa hauna huruma na vifua vya wazee. Mwaka jana, mvua zilipokatika, Redempta alipanda mlima akamwambia mdogo wake Theodory, aliyebaki katika nyumba ya marehemu baba yao, kuwa anataka kuongeza chumba chake ubavuni, kinachopakana ukuta na chumba cha mama.

"Ongeza, dada," Theodory alisema. "Nyumba ni ya baba yetu, si yangu."

Udongo aliukanyaga mwenyewe kule bondeni. Akapika pombe ya ulezi, majirani wakaja kupanga tanuru, wakaimba, wakanywa, wakatukanana kwa upendo. Tanuru lilipopoa alichagua: matofali yaliyoiva yakaenda ukutani, yale ya pembeni, mabichi na yenye nyufa, akayatenga.

"Haya ya banda la kuku," alisema.

Kuta ziliposimama, alichukua mkaa akachora mlango kwenye ukuta wa zamani, wa kutokea kwake kuingia kwa mama. Fundi Obed akavunja hapo hapo. Mama akakohoa, na Redempta akamsikia kama vile wamelala kitanda kimoja. Mtaani pale hakuna asiyejua: chumba chenye mlango wa nje ni cha mpangaji, chenye mlango wa ndani ni cha mtoto wa nyumba.

Kazi ya kuezeka bati akamwachia Theodory, yeye akashuka ziwani kuaga. Aliaga bila haraka, msimu mzima wa dagaa ukaisha.

Aliporudi na godoro lake juu ya bodaboda, bati lilikuwa linametameta. Chumba chake kilikuwa na mlango mpya wa mbao, uliotazama barabarani. Aliingia ndani, akapapasa pale alipochora mkaa. Ukuta ulikuwa mzima. Na matofali yenyewe aliyajua kwa nyufa zake. Yalikuwa yale ya kuku.

"Karibu wifi!" Herieth, mke wa Theodory, alikuwa amesimama nyuma yake. "Harufu ya dagaa imekutangulia tangu mjini."

"Nani kaziba hapa?"

"Tumeziba sisi. Wewe si una maisha yako ya kisiwani? Leo upo, kesho umeshuka. Mgeni akiwa na mlango wake hasumbui mtu."

"Mgeni?"

Theodory alikuwa uani, akitazama kuku. "Dada, chumba ni chako. Hakuna aliyekunyang'anya."

"Chumba ninacho kisiwani, Theo. Hapa nilikuja kujenga mlango."

Mama yao alikuwa anaota jua kwenye mkeka. Redempta akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama. Ulikuwepo wakiziba?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwepo. Mafundi niliwapikia mimi."

"Na hukusema kitu?"

Bi Kristiana alivuta khanga mabegani. "Wewe ulikuwa ziwani. Hawa ndio ninaokaa nao."

Jua lilipozama, baridi ikaingia. Kikohozi kikaanza upande wa pili wa ukuta, chembamba, kama cha nyumba ya jirani. Redempta akachemsha tangawizi, akamimina kikombeni, akatoka kwa mlango wake, akazunguka nyumba upepo ukimchapa, mpaka mlango wa mbele. Tangu utoto alikuwa akiusukuma tu mlango ule kwa bega na kuingia.

Mkono ulikataa.

"Hodi," alisema.

"Karibu," wakaitikia ndani, na sauti ya kwanza ilikuwa ya mama yake.