Macho Yangu na Sketi Nne za Kwaya

Kabla sijashukuru, wapendwa, hebu igeukieni kwaya yetu. Sketi nane za buluu, nne nyeusi. Siku ya kwanza mlicheka, kisha mwaka mzima mkadhani ni mtindo. Si mtindo. Ni macho yangu.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Mosocho, miaka ishirini na sita sasa. Zamani nilikuwa natunga uzi huku nikimsengenya mtu, Mungu anisamehe, na sindano hainikosei. Kisha ukungu ukaingia. Nikasugua miwani. Nikamgombeza binti yangu Moraa kwa moshi wa jikoni. Ukungu ukabaki.

Ndipo nikashona hizo sketi. Mlipocheka nilienda Kisii mjini kwa Bwana Kanti, anayeniuzia vitambaa tangu nianze kazi. Nikamwambia mbele ya wateja, "Umenikatia vitambaa vya rangi mbili, mzee. Umeniaibisha kanisani." Aliendelea kukunja vitambaa vyake. Sikukanyaga tena dukani kwake.

Siku niliyojishona kidole, mume wangu alinifunga kitambaa akasema, "Mama Moraa, kesho hospitali, au hiyo cherehani naiuza." Nikaenda nikiwaza moja tu. Wakikosea, kazi yangu imekwisha.

Daktari, msichana wa rika la Moraa, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. "Tutatoa lenzi iliyochafuka, tuweke mpya. Lakini mama, lenzi si za aina moja."

Moja huona mbali tu. Kwenye sindano utavaa miwani. Ya pili huona mbali na karibu, katikati pakawa na shida. Ya tatu huona mbali, katikati na karibu, ila usiku taa huonekana na pete. Ya nne pete zake ni chache, mbali na katikati ni safi, lakini tundu la sindano laweza kukushinda. "Nenda upime," akasema. "Unaangalia nini kutwa, na kiko umbali gani?"

Kumwambia fundi apime. Nilitoa tepu. Jicho hadi sindano, sentimita arobaini. Hadi meza ya kukatia, sabini. Mteja mlangoni, mita tatu. Mume wangu akauliza kutoka kitini, "Na mimi je?" Nikamwambia wewe nakujua, huhitaji lenzi. Nikachagua ya tatu.

Walinitia matone ya ganzi. Niliona rangi zikiogelea, maji baridi yakanitiririka hadi sikioni. Uchungu sikusikia, ila siku mbili jicho liliwasha kama lina mchanga. Wiki kadhaa baadaye wakafanya la pili. Pete za taa ni za kweli. Mimi Msabato sivai pete, sasa kila balbu inanivalia.

Nikafungua sanduku la vitambaa. Buluu ya Bwana Kanti ilikuwa humo, imekunjwa. Kumbe zile sketi nne nilizikata kwenye nyeusi iliyobaki niliposhona nguo za msiba. Nililia kwa aibu.

Nikampelekea hiyo buluu aione. "Bwana Kanti, nisamehe. Kosa lilikuwa langu."

Akakisogeza kitambaa puani, kisha kwenye mwanga wa mlango. "Hii ni buluu?" akauliza. "Mama Moraa, nilidhani ni mimi niliyekosea. Mwaka mzima sitofautishi buluu na nyeusi. Niliona haya kusema."

Nikamkalisha kwenye stuli, nikatoa tepu. Jicho lake hadi mita ya mbao anayopimia vitambaa, sentimita hamsini. Hadi mlangoni, mita nne. Tukaandika kwenye karatasi ampelekee daktari.

Basi mwenye ukungu asione haya. Apimwe mapema, hadi nyuma ya jicho kusiwe na ugonjwa mwingine, na asichague lenzi ya jirani, achague ya kazi yake. Namshukuru Mungu na yule binti daktari. Bwana Kanti anapasuliwa wiki ijayo, tumwombee. Na nyinyi wanne wenye nyeusi, nileteeni viuno vyenu kesho. Kitambaa kilikuwepo siku zote.