Nepi za Kinyozi

Mtaani pale hapakuwa na mwanamume aliyejivunia kamba ya nguo kama Kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga na mkewe: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kilichoanza kuota madoa pembeni, redio, na benchi la wateja. Ukipita mlango wa nyuma unatokea uani, na huko kamba ilivutwa kutoka kwenye nguzo ya bomba mpaka dirisha la jikoni. Ikifika saa nne asubuhi imejaa nepi, nyeupe pe, zimebanwa kwa vibanio vya mbao.

Nepi zenyewe alizishona mkewe, fundi cherehani katika kiwanda cha sare za shule. Binti yao alipozaliwa walianza na zile za dukani za kutupa, lakini ngozi ya mtoto ikazikataa, akatoka vipele kutoka kiunoni mpaka mapajani. Basi mama mtu akanunua flaneli, akakata, akapinda kingo, na kwa siku tatu akawa amemaliza nepi ishirini na nne. Vipele vikapona. Mtoto, ambaye kwa udogo wa pua yake walimwita Kifungo, akanawiri mpaka mashavu yakaanza kufunika macho.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, waliulizana nani atabaki na mtoto mchana.

"Mimi si niko hapa hapa nyumbani?" Kinyozi akasema.

"Na nepi je?"

"Mama Kifungo, kila siku nafua taulo kumi na tano za wateja. Nepi ni taulo iliyokonda tu."

Mkewe alicheka, lakini akamwelekeza: choo kikubwa kikung'utwe chooni kwanza, nepi zilowekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, zifikichwe kwa sabuni ya kipande, zisuuzwe maji matatu. Kinyozi alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda kwake.

Siku ya kwanza alifuata maelekezo. Siku ya pili akaanza kuyaboresha. Aliona sabuni ya kipande inamchelewesha, akamwaga ya unga kwa kukisia, na kwenye maji ya mwisho akatia ile dawa ya kulainishia taulo za dukani, yenye harufu ya maua. Kifuniko kimoja kwa ajili ya ulaini, cha pili kwa ajili ya mapenzi. Nepi zikatoka laini kama manyoya ya kifaranga. Alikuwa akianua moja na kuwapelekea wateja benchini.

"Hebu shika hii. Mto wako nyumbani uko hivi?"

Wateja walishika, wakakiri, wakasifu. Kichwa cha Kinyozi kikavimba.

Wiki ya tatu mambo yakageuka. Kila akimpakata mtoto, shati linalowa. Alidhani labda mtoto anakunywa sana. Kisha siku moja akaja karani wa mahakama, suruali ya kijivu imepigwa pasi ikasimama, anataka kunyolewa kabla ya kupiga picha ya kitambulisho. Kifungo akaanza kulia. Karani, mtu wa huruma, akamchukua na kumkalisha mapajani huku Kinyozi akinoa wembe. Mtoto akanyamaza, akatabasamu, kisha akatulia kimya cha kutia shaka.

"Fundi," karani akasema polepole, "naona kama nimekaa kwenye dimbwi."

Kinyozi alichukua mashine ya kukaushia nywele, akapiga magoti, akaanza kuikausha ile suruali huku wateja benchini wakishika mbavu.

"Bahati yako picha yenyewe ni ya uso," mmoja akamwambia karani.

Siku ya pili yake, mama mkwe akawasili bila taarifa, na gauni lake jipya la rangi ya samli. Mkewe Kinyozi alikuwa kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe mjukuu wangu nimwone."

Kinyozi akafungua mdomo atoe onyo, lakini angelitoaje? Akampa. Haikupita hata robo saa, gauni la samli likawa na ramani. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake cha kuzunguka.

"Mama, samahani sana, mimi..."

"Ya nini samahani? Mtoto kazi yake ni kukojoa, na anaifanya vizuri. Nepi kazi yake ni kunyonya. Hii imegoma." Akaenda uani, akatwaa nepi kavu, akachovya kidole kwenye ndoo na kudondosha tone la maji juu ya kitambaa. Tone likakaa juu juu, mviringo kama shanga, likabingirika likaanguka chini. "Umezifua na nini?"

Kinyozi akaleta chupa ya maua, uso umemshuka.

Mama mkwe aliinusa, akaitazama, kisha akaanza kucheka mpaka akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Umezipaka mafuta, baba! Zinanukia kama bibi harusi lakini hazinywi hata tone." Alipoona mkwewe bado kainamisha kichwa, akapunguza sauti. "Nikwambie kitu ambacho hata mkeo hajui. Mtoto wangu wa kwanza, nepi zake nilizitia wanga. Nilitaka zisimame kama kola za baba yake. Mtoto akawa anakaa kama amevaa boksi."

Kinyozi alijaribu kujizuia kwa heshima, akashindwa. Wakacheka wote wawili, na Kifungo naye akacheka kwa kuwa wenzake wanacheka.

Mchana ule duka lilifungwa. Walibandika sufuria kubwa ya maji jikoni, wakazichemsha nepi kwa mafungu, na kila zilipochemka povu lilipanda kana kwamba sabuni ya wiki tatu ilikuwa imejificha humo ikisubiri kuitwa. Wakasuuza mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Mama mkwe, kanga kiunoni, alikamua upande mmoja na Kinyozi upande wa pili, wakizungusha kila mtu kwake. Jua likazikausha zikawa ngumu kidogo. Mama mkwe akadondosha tone. Likazama papo hapo.

"Hiyo ndiyo nepi," mama mkwe akasema.

Mkewe aliporudi jioni akawakuta wamekaa sakafuni wakikunja, wanacheka, na hakuna aliyekubali kumwambia kwa nini.

Miezi ikapita. Karani akapata mtoto, akaja kuketi benchini bila kutaka kunyolewa, na Kinyozi akamfundisha kwa upole ambao hakuwa nao zamani: sabuni kidogo, maji mengi, dawa ya harufu weka mbali. Baba wawili wengine wakamfuata.

Halafu Jumamosi moja, mkewe akiwa amesimama mlango wa uani na Kinyozi nyuma ya kiti, Kifungo aliachia ukingo wa benchi. Akapiga hatua moja juu ya nywele zilizokatwa, ya pili, ya tatu, makalio yamejaa flaneli kama mto. Kinyozi akazima mashine ya kunyolea. Mteja, nusu kichwa kimenyolewa, akageuka kutazama. Hatua ya sita mtoto akadondoka kitako, pu! Akatazama huku na huku kuona kama kuna wa kumhurumia, akakuta watu wote wanapiga makofi, akasimama tena.