Mwizi wa Kikuku cha Bibi Harusi

Enzi zetu kule Malindi, kitabu kipya tulikiona mkononi mwa mwalimu tu. Sisi tukiuziana vikuukuu. Kimeshapita kwa dada mtu, kwa jirani, kwa binamu wa jirani, kikikufikia kinanuka mafuta ya nazi na bajia. Jalada lishakwenda zake zamani, na kurasa za mwisho zimefungiwa njugu. Lakini tulikuwa na sheria yetu: ukiuza hadithi pungufu, sharti ukae kitako ummalizie mnunuzi kwa mdomo. Asiporidhika, anakurudishia kitabu chako.

Ndivyo nilivyokipata kwa Mwanaisha, binti wa jirani, kitabu cha upelelezi kuhusu kikuku cha bibi harusi kilichoibwa siku ya hina. Nilikisoma jikoni, chooni, mpaka mama akaniuliza, "Hicho kitabu ndicho kitakachotupikia leo?" Nikafika pale mpelelezi anapoinua kidole amtaje mwizi, na kitabu kikaishia hapo. Mwanaisha akaapa kwamba mwizi ni bwana harusi mwenyewe. Nikaridhika.

Balaa lilikuja nilipomuuzia Katana, rafiki yangu aliyetoka Ganze kuja kusoma kwa shangazi yake. Alinilipa gololi, akasoma, akaja nimmalizie. Kusikia bwana harusi, akakataa katakata. Kwa maoni yake kikuku kimemezwa na mbuzi wa karamu, kwa sababu kwao mbuzi alishawahi kumeza ufunguo wa kanisa. Akataka gololi zake. Tukaenda kwa Mwanaisha atuamue, naye, masikini, akakiri kuwa hata yeye alikinunua hivyo hivyo, na bwana harusi kamtunga mwenyewe. Nililia, wallahi. Nilikuwa nataka kujua.

Tumezeeka na ubishi wetu. Kila Idi Katana hunipigia simu, na kila Krismasi mimi humpigia. Salamu hazijaisha tushaingia kwenye mbuzi.

Juzi nikawa Kilifi, kwa binti mmoja anayeuza vitabu vya mitumba kwa kuvipiga picha na kuvirusha mtandaoni. Wateja wake, kaniambia, huuliza rangi kwanza, kama wananunua pazia. Watoto wa siku hizi! Hadithi ikiwachelewesha kidogo, huiuliza simu mwisho wake. Sisi mwisho tuliuhangaikia mtaa mzima.

Nikipekua, nikakiona. Kile kile, na kurasa zake zote. Nikampigia Katana, nikamwambia ukurasa wenyewe huu hapa, nimeuziba kwa kidole gumba, nimsomee?

"Usithubutu," akasema. "Tukishamjua mwizi, mimi na wewe tutapigiana simu ya nini?"

Nilisimama pale, moyo unanivuta huku na huku. Kisha nikakifunga, nikamrudishia binti kitabu chake. Akashangaa, akaniuliza kama kina kasoro.

"Kinayo, mwanangu," nikamwambia. "Kimekamilika."