Dakika za Mama Bulonza Mbele ya Baraza

Kituo cha basi anachokitegemea Mama Bulonza ni nguzo moja yenye kibao, mbele ya nyumba za kupanga mtaani Beechmont, Louisville, Marekani. Hana gari wala leseni. Kila alfajiri husimama hapo akingoja basi la kumpeleka kwenye makao ya wazee, ambako huwaogesha na kuwalisha. Kwa hiyo lilipobandikwa tangazo kwamba baraza la mji lilikuwa likifikiria kukiondoa kituo hicho ili kupunguza gharama, alijua kwamba kazi yake ingeondoka nacho.

Katika darasa la uraia ninalofundisha kanisani kwetu, tulikuwa tumefikia somo kuhusu haki ya watu kupeleka malalamiko yao serikalini. Bulonza, aliyekuja hapa kama mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo, aliinua mkono.

"Mwalimu, bon, mimi siko raia bado. Nitasema mbele ya wakubwa kama nani?"

"Kama mkazi, Mama Bulonza. Baraza linamsikiliza yeyote anayeishi hapa."

"Na hawatanifunga?"

Wenzake walicheka, lakini yeye hakuwa akitania. Kaka yake aliwahi kulalamika hadharani huko kwao, akafuatwa hadi nyumbani.

Siku ya kikao nilimsindikiza. Alivaa kitenge chake cha kwendea harusi, akabeba bakuli la sambusa. Alisema hawezi kwenda kwa mukubwa mikono mitupu. Karani mlangoni alitabasamu, akaeleza kwamba wajumbe hawaruhusiwi kupokea zawadi kutoka kwa mtu mwenye ombi mbele yao.

"Donc, yaani wamekwisha kutukataa," Bulonza alimnong'oneza binti yake, Jolie.

Jolie alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: "Hapana, mama. Hata zawadi za matajiri zinakataliwa."

Kila msemaji alipewa dakika tatu. Bulonza alisimama, Jolie akitafsiri. Alimshukuru Mungu aliyetuamsha salama. Alimsalimu mwenyekiti, wajumbe, familia za wajumbe na polisi wa mlangoni. Akatoa salamu za mchungaji, za kwaya, za wamama wa kanisa. Akaishukuru Amerika kwa kumpokea na watoto wake. "Sasa, wapendwa, jambo lenye limenileta..."

Kengele ikalia.

Jolie alifunika uso. Mwenyekiti alisema anasikitika, ila muda umekwisha.

"Lakini sijasema kitu!" Bulonza alinigeukia.

Msemaji aliyefuata alikuwa mzee wa Kimarekani mwenye kofia ya besiboli, hotuba yake mkononi. "Mimi nimekuja kupinga pesa za mabasi," alisema. "Nadhani mimi na huyu mama hatukubaliani. Lakini mpeni dakika yangu moja. Nataka kujua ninabishana na nini."

Mwenyekiti akaruhusu. Safari hii Bulonza hakumsalimu mtu.

"Niko naosha wazee. Kama gari haisimame pale kwetu, asubuhi hakuna mutu wa kuwaosha. Na ni wazazi wenu. Ni hiyo tu."

Kisha mzee alitumia dakika zake zilizobaki kumpinga bila huruma: kodi zinapanda, mabasi yanazunguka matupu. Bulonza alikunja uso.

"Huyu muzee ni rafiki ao adui?"

"Ni mpinzani, mama," nilimjibu. Alilirudia neno hilo, akamtazama tena yule mzee.

Wajumbe walipiga kura. Vituo vingine viliondolewa. Cha Beechmont kikabaki.

Tulimkuta mzee nje akitafuta funguo za gari lake. Bulonza alifunua bakuli. "Huyu haiko mukubwa. Anaruhusiwa kula?"

"Anaruhusiwa."

Mzee alichukua sambusa mbili. Akitafuna, alisema bado anaamini mabasi yale ni hasara tupu.

"Mwambie ale kwanza," Bulonza alimwambia Jolie.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu kwa kituo, kwa karani aliyekataa sambusa, na kwa mzee ambaye hakumjua jina. Akaanza kutusalimu upya, mmoja mmoja. Tulimwacha aendelee, kwani pale hakukuwa na kengele ya dakika tatu.