Chupa za Baba Kwenye Matangi

Baba alikuwa fundi bomba wa vyoo vya stendi. Mama ndiye aliyevisafisha. Maji yalipokuwa ya shida, baba alijaza mchanga kwenye chupa nane za plastiki, akazamisha moja katika kila tangi ili choo kitumie maji kidogo. Wakubwa wake walimcheka. Maji yalipoanza kutosha hadi jioni, wakafyata mkia.

Baba alipofariki, mama hakulia mbele za watu. Kila asubuhi alifunua tangi la choo cha mwisho, akaigusa ile chupa, akasema, "Umeamkaje, baba watoto?"

Juzi mafundi wakafunga vyoo vipya vya vitufe viwili, kimoja cha maji kidogo, kingine cha maji mengi. Ni vizuri, sikatai. Lakini nani aliwatuma wasimuulize mama? Alifika akakuta matangi ya zamani yameshaondoka na lori la taka, chupa zikiwa humo humo.

"Kulikuwa na kitu chako, mama?" fundi mgeni akauliza.

"Hapana, baba. Chupa tu."

Kesho yake nilimpelekea chai. Nilimkuta amefunua tangi jipya, mkono umezama majini hadi kwenye kiwiko, anapapasa.